Maswali na Majibu: Ujuzi Wako Uliishia Mwaka Gani?

Barua za safari hii zinafanana. Ni za watu waliowahi kuandika programu, wakaenda kwenye duka, ualimu au malezi, na sasa wanataka kurudi. Wote wanauliza wasome kitabu gani. Kabla sijajibu ya kwanza, nawaomba mchukue karatasi na kuandika mwaka mlioacha. Simaanishi mwaka wa cheti, bali mwaka ambao mara ya mwisho mliandika programu ikafanya kazi ya mtu. Majibu mengi hapa yanaanzia kwenye mwaka huo.

Nilimaliza diploma mwaka 2009, nikawa natengeneza tovuti za PHP na MySQL. Mwaka 2011 nikafungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Mafiati, programu zikalala. Sasa nataka niandike mwenyewe mfumo wa stoo yangu. Kitabu changu cha 2007 bado ninacho. Kinatosha? (Mfanyabiashara, Mbeya)

Kaka, kitabu hicho usikitupe, ila usikifuate chote. Sura za databesi, yaani ghala la taarifa, zisome tena kwa raha zako: namna ya kugawa majedwali, kuupa kila mstari namba yake, kutumia SELECT na WHERE kuchagua taarifa. Stoo ya misumari na mabati inahitaji fikra zilezile za 2007. Kilichooza ni namna PHP, lugha yako ya kuandikia tovuti, inavyozungumza na databesi.

Chukua programu yako moja ya zamani uifungue kwenye PHP ya leo. Utapata ukurasa mtupu, au ujumbe huu: Call to undefined function mysql_connect(). Fanksheni zote zilizoanza na mysql_ zilitangazwa kuwa za kuachwa kwenye PHP 5.5 mwaka 2013, na PHP 7 ilipotoka Desemba 2015 zikaondolewa kabisa. Siku hizi utatumia PDO au mysqli, njia za sasa za PHP kuifikia databesi.

Tukae hapa kidogo, maana hatari yenyewe iko hapa. Vitabu vingi vya wakati ule vilifundisha kuchomeka neno la mteja moja kwa moja ndani ya SQL, lugha ya kuiuliza databesi, hivi: WHERE mtaa = '$mtaa'. Sasa aje mteja anayekaa Chang'ombe. Ile ritifaa iliyo katikati ya jina inaifunga sentensi ya SQL kabla haijaisha, na mfumo unakatika mbele ya mteja. Kwetu majina yenye ng' hayaishi, kwa hiyo utalipata kosa hili wiki ya kwanza. Na ufa huohuo ndio anaopitia mtu mwenye nia mbaya: anaandika kipande cha SQL kwenye kisanduku cha jina, na databesi inakitii. Ukitumia PDO unaandika WHERE mtaa = ? kisha jina linapelekwa peke yake, na databesi hailichanganyi tena na amri.

La pili ni nenosiri. Niliwahi kuitwa kwenye duka moja ambako maneno ya siri ya wahudumu yalihifadhiwa kwa md5, njia ya zamani ya kuyaficha, kama ilivyokuwa desturi. Nikalipata la mmoja wao ndani ya dakika chache, mwenye duka akiwa amesimama pembeni yangu. Hakuamini. Tangu 2013 PHP ina password_hash ya kuficha nenosiri na password_verify ya kulihakiki, na hakuna sababu ya kutumia kitu kingine.

Kwa hiyo ukishika kitabu cha PHP, anzia nyuma kwenye faharasa. Tafuta password_hash, kisha PDO. Visipokuwemo, kirudishe rafuni hata kama jalada linang'aa. Halafu fungua ukurasa wa hakimiliki uangalie mwaka wa toleo, usidanganyike na mwaka wa kuchapwa. Kitabu kinaweza kuwa kimechapwa 2019 huku maneno yake ni ya 2006, kwa sababu kuchapwa upya si kuandikwa upya. Na kabla hujatoa hela, pakua mwongozo rasmi wa PHP. Ni wa bure, na una sura zinazoeleza kilichobadilika kutoka toleo moja hadi jingine. Anza na ile ya kutoka 5.6 kwenda 7.0, kisha ya kwenda 8.0, iliyotoka Novemba 2020.

Nafundisha TEHAMA sekondari. Nina nakala ya kitabu cha Python niliyoitoa kopi nikiwa chuoni, lakini hata mfano wa kwanza unakataa kwenye kompyuta za shule. Nakosea wapi? Na kuna vitabu vya bure? Bando linatumaliza. (Mwalimu, Mafinga)

Mwalimu mwenzangu, hujakosea. Kama mfano wenyewe ni print "Habari za asubuhi" bila mabano, hiyo ni Python 2, na kompyuta zako zina Python 3. Python 3 ilitoka Desemba 2008, ila vitabu vilichelewa kuhama, na zote mbili zikaishi pamoja miaka mingi hadi Python 2 ilipoachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020.

Lakini print isikusumbue sana, kwa kuwa kompyuta inakataa na wewe unaona. Ogopa kosa lisilopiga kelele. Mwanafunzi ana jumla ya alama 151 kwa masomo mawili, unaandika 151 / 2. Python 2 inakupa 75. Python 3 inakupa 75.5. Programu inakwenda, hakuna ujumbe wa kosa, na wastani wa darasa zima umebadilika. Kwenye nakala yako ya zamani, kila penye alama ya kugawa weka duara kwa kalamu.

Vya bure vipo, tena vizuri. Think Python cha Allen Downey na Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart vyote vinasomeka mtandaoni bila malipo kwa ruhusa ya waandishi wenyewe. Cha Downey kinawafaa wanafunzi, kwa sababu kinajenga fikra hatua kwa hatua. Cha Sweigart ni chako, maana kinashughulika na mafaili na majedwali, na hizo alama za wanafunzi ndiko ziliko. Nyaraka rasmi za Python nazo zinapakuliwa zote kwa mara moja na kusomwa bila intaneti. Bando moja, flashi moja, kompyuta zote za maabara zimepata.

Git ni lazima? Nilipoacha tulikuwa tunahifadhi folda zenye majina kama mradi_mwisho na mradi_mwisho_kabisa. (Uyole)

Ni lazima. Git ni programu inayotunza kila hatua ya kazi yako, badala ya hizo folda. Soma Pro Git cha Scott Chacon na Ben Straub, ni cha bure. Toleo lake la pili ni la 2014 lakini usilikimbie kwa ajili ya mwaka huo, kwa sababu misingi ya Git haijahama. Amri mpya utakazokutana nazo sana ni git switch na git restore, zilizoongezwa 2019. Sura tatu za kwanza zinakutosha kuanza kazi.

Nilikuwa naandika Java hadi 2012, nikaacha nilipojifungua mtoto wa pili. Nimetenga hela ya kitabu kimoja tu. Rafiki yangu anasema ninunue kile kinene cha kuanzia mwanzo ili nisiruke kitu. (Mama wa watoto wawili, Kihesa, Iringa)

Dada, usinunue hicho. Kitabu cha kuanzia kitakutembeza kurasa mia tatu kikieleza int na for, vitu ambavyo vidole vyako bado vinavijua, na watoto wakishalala utakuwa na saa moja tu ya kusoma. Utakiweka chini kabla hujafika kwenye kitu kipya. Nimewaona watu waliosimama hapohapo wakajiona wameishindwa Java, na inaniuma, kwa sababu walikuwa waandishi wazuri wa programu waliopewa kitabu kisicho chao.

Wewe uliacha wakati wa Java 7. Tetemeko lilikuja Machi 2014 na Java 8, ilipoleta lambda na strimu, njia fupi za kuandika fanksheni na kuchakata orodha. Zamani, kupanga orodha ya wateja kwa majina kulikuhitaji uandike Comparator nzima, yaani kilinganishi, mistari mitano au sita yenye mabano ndani ya mabano. Sasa ni mstari mmoja: wateja.sort(Comparator.comparing(Mteja::getJina)). Mara ya kwanza unautazama kama lugha ya kigeni. Andika programu kumi kwa mkono wako, ugeni utaisha.

Hela yako ipeleke kwenye Effective Java cha Joshua Bloch, toleo la tatu. Nasisitiza la tatu, kwa kuwa la pili ni la 2008 na bado linazunguka. La tatu lilifika baada ya Java 9, lina vipengele 90, na sura nzima ya lambda na strimu. Kitabu hicho hakimfundishi mtu Java, kinamkuta akiijua, na ndiyo maana nakupa wewe. Kipengele kimoja kwa usiku kinatosha. Yaliyokuja baadaye utayasoma bure, kama var ya Java 10, inayokuondolea kuandika aina ya kigeu, na rekodi zilizokamilika kwenye Java 16, madarasa mafupi ya kubeba data. Matoleo sasa hutoka kila miezi sita, usihangaike nayo yote. Chagua lenye huduma ya muda mrefu, kama Java 21 ya Septemba 2023, utulie nalo. Na kabla hujalipa, ulizia kwenye maktaba za vyuo hapo Iringa kama wanaweza kukuruhusu kukisoma humohumo. Utakijua kama kinakufaa kwa kusoma vipengele vitano.

Kwa nini kitabu wakati kuna video na akili mnemba? (Kijana, Tunduma)

Vitumie, mdogo wangu. Ila video haina faharasa, na ukitaka kurudia sentensi moja unakula bando. Akili mnemba nayo imesoma ya zamani na ya sasa kwa pamoja, kwa hiyo inaweza kukupa jibu la 2010 kwa sauti ya uhakika uleule. Ili ulitambue, lazima wewe uwe umeshajua lipi limeachwa. Hapo ndipo kitabu cha toleo jipya kinakulipa.

Kamwene. Mimi ni mstaafu, nina miaka 67. Ofisini tulitumia dBase III miaka ya themanini na niliimudu vizuri. Chama chetu cha wakulima wa parachichi kinaandika mizani kwenye madaftari na hesabu zinagombanisha watu. Nataka niwaandikie programu. Nimechelewa? (Njombe)

Kamwene, na shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Hujachelewa, na katika wote walioniandikia wewe ndiye unayejua vizuri zaidi kazi unayotaka programu ifanye.

Unachokijua hakijapotea. Jedwali, safu, mstari, vyote viko vilevile. Kilichogeuka ni namna ya kuuliza. Kwenye dBase, ile programu yenu ya databesi, ungeandika USE MIZANI, kisha SUM KILO FOR NAMBA = 14, ukapata kilo za mkulima namba 14. Halafu 15. Halafu 16. Kwenye SQL unaandika mara moja:

SELECT namba, SUM(kilo) FROM mizani GROUP BY namba;

na wakulima wote wanatoka kwa pamoja, kila mmoja na jumla yake. dBase ilikuzoesha kutembea mstari kwa mstari na SKIP. SQL inakutaka ueleze unachotaka, kutembea inatembea yenyewe. Siku mbili tatu mkono utakuwa mzito, kisha utafunguka.

Kwa hiyo tafuta kitabu cha SQL, usianze na lugha nyingine yoyote. Kiwe na mazoezi mwishoni mwa kila sura, na herufi zisizoumiza macho. Hapa naomba wengine wasishangae: hata cha miaka kumi iliyopita kinafaa. SQL iliwekewa kanuni rasmi Marekani mwaka 1986, wewe ukiwa kazini, na sehemu utakayotumia haijabadilika kiasi cha kukupoteza. Databesi yako iwe SQLite. Ni ya bure, haihitaji seva, na mizani yote ya chama inakaa kwenye faili moja unaloweza kulinakili kwenye flashi kila jioni, umeme uwepo au usiwepo kesho yake.

Usisubiri kumaliza kitabu. Ukishasoma sura ya kutengeneza jedwali, chukua daftari moja la mizani la msimu uliopita uingize kurasa zake mbili: tarehe, namba ya mkulima, daraja, kilo. Linganisha jumla ya kompyuta na jumla iliyoandikwa kwa kalamu. Zikitofautiana, usiirekebishe yoyote kwanza. Mwite mwandishi wa daftari mkae mtafute pamoja.

Utakapofika kwenye JOIN, ambapo majina ya wakulima yako kwenye jedwali moja na kilo kwenye jingine, unaweza kukwama, kwa sababu dBase ilikuwa na njia yake ya SET RELATION na mkono utaitafuta hiyo. Niandikie ukifika hapo, unitumie na hayo majedwali mawili, majina ya watu uwe umeyaondoa.