Diwani akirudi kuomba kura, mwonyeshe alama ya maji ukutani

Kampeni za udiwani huja wakati mbaya kwa sisi tunaokaa mabondeni. Zinaanza mwishoni mwa Agosti na kura inapigwa Oktoba. Hapo masika yameshapita zamani, mtaro umekauka, na watoto wanacheza mpira palepale palipokuwa na maji ya kiunoni mwezi Aprili. Mgombea anapita na gari la matangazo, anaona vumbi, anaahidi kumwaga kifusi barabarani. Watu wanapiga makofi. Habari ya mafuriko imekauka pamoja na matope.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Dar es Salaam, kata siitaji. Cherehani yangu iko juu ya matofali mwaka mzima kwa sababu ya hayo maji. Mwaka 2015 nilisimama kwenye mkutano wa kampeni nikauliza: mtaro wetu utajengwa lini? Mgombea akajibu, "Utajengwa mama, uko kwenye mpango." Nikakaa nimeridhika. Akashinda, na miaka mitano ikapita tukichota maji ndani kwa ndoo. Aliporudi 2020 kutetea kiti chake, mtaa wetu ulikuwa umejipanga, na namna tulivyojipanga ndiyo nataka kukupa.

Kazi tuliianza masika, siyo siku ya kampeni. Kila nyumba iliyoingiliwa na maji ilichora mstari ukutani kwa kipande cha mkaa, pale maji yalipofika, na tarehe pembeni. Kwangu chumba cha nyuma mstari uko juu kidogo ya goti. Tulipiga na picha za simu: karavati limeziba kwa chupa za plastiki na magunia, jirani yangu anayeuza vitumbua amebeba jiko kichwani anavuka. Fanyeni hivyo mapema, maana Septemba hata wewe mwenyewe utakuwa umeanza kusahau.

Kisha tulikwenda watu wanne ofisi ya kata. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kila kata ina Kamati ya Maendeleo ya Kata: diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ndiye katibu, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Vipaumbele vya mitaa vinapita hapo kabla ya kwenda halmashauri, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo jambo lisiloingia kwenye mpango mapema linasubiri mwaka mwingine. Tulimwomba mtendaji, kwa adabu, atusomee muhtasari wa vikao. Mtaro wetu ulitajwa mara moja tu, mwaka wa kwanza. Baada ya hapo kimya. Na mtaa wenyewe haukuupeleka tena, kwa sababu kwenye mkutano wa mtaa wa kupanga vipaumbele tulihudhuria wachache mno. Mimi sikuwepo. Nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Niliumia kusikia hivyo, maana nilikuwa nimemlaumu diwani peke yake kwa miaka mitano.

Jambo jingine: ujue nani anashika nini. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ya bomba kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Diwani hawezi kumwamuru fundi wa TARURA aje kesho. Anachoweza ni kuupigania mtaro uingie kwenye vipaumbele na kuuliza maswali kwenye Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo ya mwaka na wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria. Kwa hiyo ukimuuliza "utatujengea lini?" umempa nafasi ya kuahidi kisicho chake. Muulize, "Umelisemea hili kikao gani, na ulijibiwa nini?" Swali hilo halina mahali pa kujificha.

Yale yaliyo mikononi mwa halmashauri muulize moja kwa moja: taka, zahanati, madarasa, soko. Usisahau asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingapi vya kata yako vilipata? Wapi orodha?

Siku ya mkutano hatukupiga kelele. Tulimpa swali mzee mmoja wa mtaa, anayeheshimiwa na vyama vyote, ili asije mtu akasema tumetumwa na mpinzani. Alisimama na picha mkononi. "Mwanangu mheshimiwa," alisema, "mtaro huu uliusemea mara moja kwenye kamati. Kilichokuzuia mara ya pili ni nini?" Diwani alinyamaza kidogo. Halafu akasema alidhani mtaa umeshapata ufumbuzi, kwa kuwa haukuletwa tena. Mzee akamwomba aje aone. Alikuja kweli, na wapambe wake nyuma. Chumbani kwangu aliinama, akapima kwa kiganja kutoka sakafuni mpaka kwenye ule mstari, asiseme neno.

Fulana na hela ya sabuni zilikuwepo pia siku ile. Ushauri wangu ni mfupi: usichukue. Ukishapokea, mdomo unakuwa mzito wa kuuliza.

Alishinda. Safari hii mkutano wa kupanga vipaumbele tuliujaza, mpaka wengine wakasimama nje dirishani. Mtaro ukaingia kwenye orodha ya kata, na mwaka uliofuata tukaenda wenyewe kusikiliza barazani kama utatajwa. Ulitajwa. Karavati lilibadilishwa, likawekwa pana zaidi, na sehemu ya mtaro ikajengwa kwa zege. Kipande cha chini, karibu na kwetu, bado ni udongo. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi upya, ila pale penye mstari wa mkaa na tarehe yake nimepaacha.