Kwa mnaoanza kuandika sizoni: steringi haharibiki kwa siku moja

Wadogo zangu mnaoandika tamthilia hapa Mtwara, skripti zenu nazisoma na zinanipa moyo sana, ila karibu zote zina hili tatizo, steringi ni mwema mpaka ipisodi ya nne, ya tano kashaua mtu na kavaa miwani nyeusi, basi kawa jambazi. Mtazamaji hapo anakuacha.

Angalieni Breaking Bad ya Vince Gilligan, 2008 mpaka 2013, sizoni 5. Walter ni mwalimu wa kemia, anaumwa kansa ya mapafu, anapika madawa ya kulevya eti aiachie familia pesa. Wengi mnakumbuka milipuko, mi nataka mrudi sizoni ya kwanza kule chini ya nyumba, kamfunga muuza madawa Krazy-8 shingoni kwa kufuli la baiskeli na kumuua hawezi. Anaandika kwenye karatasi sababu za kumwachia na za kumuua, anampelekea sandwichi, wanapiga stori, kashaamua kumfungulia kabisa, ndo anaunganisha vipande vya sahani iliyovunjika anakuta kimoja hakipo, jamaa kakificha amchome nacho. Anamnyonga huku anaomba msamaha. Sizoni ya pili Jane, mpenzi wa Jesse anayepika naye madawa, anapaliwa na matapishi mbele yake, anasogea, anasimama, hamgusi. Sizoni ya nne mtoto Brock analishwa sumu na hata hatuonyeshwi Walter akifanya hivyo, tunaonyeshwa ua tu nyumbani kwake mwishoni.

Mmeona kinachopungua? Ule muda wa kusita. Sababu ni ileile, familia, ila kusita kunaisha. Na kiburi kilikuwepo toka mwanzo, maana sizoni ya kwanza Elliott na Gretchen, rafiki zake wa zamani wenye pesa, walitaka kumlipia matibabu akakataa, mpaka ipisodi ya mwisho ndo anamkubalia mkewe kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe. Kwa hiyo mpeni steringi mlango wa kutokea mapema, aukatae mwenyewe tukiona.

Sasa yule mwenzenu wa stori ya karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho anayeingia kwenye kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kinyemela kwa bei ya chini, mara nyingi kabla hata hazijavunwa, hiyo ni dhahabu, usiiache. Anza na mama mmoja, korosho bado ziko kwenye maua, mtoto kafukuzwa shule kwa kukosa sare, karani anampa hela kidogo na kweli kamsaidia, sisi wenyewe tunamshukuru. Sizoni ya pili mama yuleyule, bei imeshuka, karani anaongea haraka haraka asimwangalie usoni. Ya tatu anakuja na pikapu kubeba magunia, mama anamsihi mlangoni, yeye yuko kwenye simu anaulizia bei ya mnada. Usimwongezee bastola wala genge, huyo mama anatosha kutupimia kaenda umbali gani.

Na mama usimuue. Mpe jina ipisodi ya kwanza, awepo mpaka ya mwisho.