Mteja akikuuliza, "Na wewe yamewahi kukukuta?"

Swali: Mimi ni mshauri nasaha, mwaka wangu wa pili kazini. Niliwahi kuugua sonona, nikatibiwa, sasa niko vizuri. Wiki iliyopita mteja mwenye sonona aliniuliza, "Haya unayasoma tu vitabuni, au nawe yamekukuta?" Nikababaika, nikabadilisha mada. Je, nilipaswa kumwambia?

Jibu: Mshauri mwenzangu, kubabaika si neno. Kilichoniuma ni kule kubadilisha mada, maana mteja aliyejikaza hadi akauliza anaweza kuondoka akidhani sonona ni jambo la kuonewa haya, hata na wewe.

Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, aliandika mwaka 1912 kwamba mtabibu awe kama kioo, amwonyeshe mgonjwa mambo ya mgonjwa tu. (Yeye mwenyewe hakuufuata sana ushauri huo.) Kwa upande mwingine yuko Marsha Linehan, mwanasaikolojia aliyebuni tiba ya tabia ya dialektika, inayowasaidia watu wanaojiumiza au kutaka kujiua. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili huko Hartford, Marekani, akakaa zaidi ya miaka miwili. Alikuja kulisema hadharani mwaka 2011, baada ya wagonjwa waliokuwa wakiona makovu ya kujiumiza mikononi mwake kumuuliza kama naye ni mmoja wao. Tazama alivyosubiri: wakati huo tiba yake ilikuwa imeshapimwa na kukubalika.

Mimi sikusubiri. Miaka ya nyuma nilimwambia mteja mmoja kuwa nakosa usingizi kwa wasiwasi. Nilitaka ajue hayuko peke yake. Kikao kilichofuata, kabla hata hajaketi, aliniuliza, "Jana umelala?" Nusu saa nzima akanisimulia juma lake lilivyokuwa zuri. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba juma hilo lilikuwa baya kuliko yote. Alinificha ili asinizidishie mzigo. Analipia kikao, halafu ananihudumia mimi!

Kwa hiyo sioni tatizo katika kusema. Natazama kama ni kovu au bado ni kidonda. La zamani, ulilokwisha kulitibu na ukaweza kulieleza bila sauti kukatika, linaweza kumfaa mteja. Linalokuamsha usiku wa leo lipeleke kwa msimamizi wako au kwa mtabibu wako mwenyewe. Na likikuzidi hadi kazi inayumba, pumzika kuona wateja.

Kikao kijacho rudi kwenye swali lake, usingoje aulize tena. Mwambie: "Uliniuliza kitu nikakikwepa, samahani. Ndiyo, niliwahi kuugua, nikatibiwa, nikapona. Ulipouliza, ulikuwa unataka kujua nini?" Sentensi mbili tatu zinatosha, majina ya dawa na miezi uliyolala kitandani viache. Kisha nyamaza umsikilize. Mara nyingi anachouliza hasa ni kama utamwelewa, au kama mtu hupona.

Na kama hutaki kusema, ni haki yako: mwambie wazi kwamba hilo utabaki nalo. Ila usimdanganye kwamba hujawahi kuugua.