Kontrol boksi ya mtumba: namba kwanza

Mkuu, umeuliza kama kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya mtumba inaweza kuingia kwenye gari lako. Inaingia, ila usinunue kwa kufanana umbo tu. Soma namba kwenye kibandiko. Za Toyota nyingi huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata nazo zioane na za boksi yako ya zamani. Boksi hiyo moja mara nyingi ndiyo inaendesha injini na gia otomatiki, kwa hiyo kama gari lako ni otomatiki, ya gari la gia za mkono haikufai. Ufunguo wako ukiwa na chipu, lazima usajiliwe upya, la sivyo gari haliwaki. Kabla ya kutoa hela, fundi umeme apime betri na waya za ethi (zinazounganisha betri na bodi ya gari). Boksi yangu hapa Dodoma niliambiwa imekufa, kumbe ethi imeshika kutu tangu nivuke maji kule Bahi.