Gari la Zamani Linapokataa Kuwaka Likiwa Moto

SWALI: Nina Datsun 160J ya mwaka 1979 niliyoachiwa na marehemu baba, nami huitumia kati ya Nakuru na Kericho. Asubuhi huwaka mara moja, lakini nikisimama Mau Summit kununua viazi, baada ya robo saa hukataa kuwaka mpaka ipoe kabisa. Fundi amekwisha kubadilisha betri na plagi, na sasa anataka tununue kabureta mpya. Je, nikubali?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usikubali bado. Huenda kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inahusika, lakini hakuna aliyeichunguza gari likiwa limegoma, na hapo ndipo hitilafu za aina hii huwashinda mafundi wengi: gari hufikishwa gereji likiwa limepoa, nao ugonjwa unakuwa umekwisha kujificha. Uchunguzi ufanywe palepale barabarani, injini ikiwa moto.

Kwanza sikiliza stata. Ikiwa inazungusha injini kwa uzito, shida si mafuta. Stata iliyochakaa hudhoofika inapopata joto, na waya wa kuunganisha injini na bodi ukiwa umeshika kutu, umeme haupiti vya kutosha. Ikiwa inazungusha kwa wepesi uleule wa asubuhi, achana nayo.

Kisha zima swichi, ondoa chujio la hewa, uchungulie ndani ya koo la kabureta huku ukisukuma kwa mkono kile kipande kinachovutwa na pedali ya mafuta. Petroli isiporuka hata kidogo, bakuli la kabureta ni kavu, au mvuke umejaa kwenye paipu na pampu ikashindwa kuvuta. Lakini ukikuta koo limelowa na harufu ya petroli ni kali, injini imefurika. Hapo rudisha chujio, hakikisha choki, yaani kile kibati cha kupunguza hewa kwenye kabureta, iko wazi kabisa, kanyaga pedali polepole hadi mwisho na kuishikilia bila kuipigapiga, kisha upige stata. Likiwaka kwa kusitasita na kutoa moshi mweusi, umepata jibu.

Mimi nashuku kufurika huko, kwa sababu katika injini hiyo njia ya kuingizia mafuta na ile ya kutolea moshi ziko upande mmoja, na kabureta imekaa karibu sana na joto la eksosi. Gari likiwa mwendoni, feni, maji na upepo huliondoa joto hilo. Likizimwa, vyote husimama kwa pamoja, joto chini ya boneti huendelea kupanda kwa dakika kadhaa, na petroli iliyo katika bakuli huchemka na kumwagikia ndani ya injini. Nakuru yenyewe iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit ni juu zaidi. Huko kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo petroli huchemka mapema kuliko Kisumu, tena injini imetoka tu kupanda mlima. Wala usilichukie gari lako: dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun za ukoo huohuo.

Mwombe fundi atazame kile kipande kinene kisichopitisha joto kinachokaa chini ya kabureta, ambacho mara nyingi hutupwa gasketi zinapobadilishwa, pamoja na bati la kukinga joto. Aidha apime kimo cha mafuta ndani ya bakuli, na kuisogeza paipu ya petroli mbali na eksosi. Kazi hizi ni nafuu kuliko kabureta mpya, na bila kuzifanya hata hiyo mpya itachemka vilevile.

Mafuta yakionekana sawa, mshukiwa ni koili, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi, kwani nyaya zake za ndani zikizeeka huweza kukatika zinapopata moto na kushikana tena zikipoa. Beba koili nyingine ya aina hiyohiyo, uifunge gari likigoma. Likiwaka papo hapo, ya zamani imekufa. Ila usijaribu cheche za plagi karibu na kabureta iliyolowa, maana mvuke wa petroli hulipuka kwa cheche ndogo sana.