Mauser ya 1871 na skrubu iliyonichukua miezi 14

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuichukua Mauser ya 1871, ile bunduki ya Kijerumani, iliyoliwa na kutu na yenye vipuri pungufu, au uiachie hapo hapo. Mimi niliichukua. Nakupa habari yake yote, pamoja na nilipoharibu.

Kwanza, mimi naishi Ohio. Sheria ya Marekani ya 1968 inaihesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla yake kuwa ya kale, ndiyo maana niliinunua kwenye mnada wa mali za marehemu bila mlolongo wa kawaida. Majimbo mengine yana sheria zao, angalia ya kwako. Na wewe unayesoma ukiwa Bongo, ukiikuta darini kwa babu usiishike, waite polisi. Huko bunduki ni bunduki hata iwe na miaka 140.

Halafu tusiiite gobole. Gobole hushindiliwa mdomoni. Hii inapakiwa nyuma, risasi moja moja, ya milimita 11. Wajerumani waliipitisha 1872. Mimi nimekulia Tanga, na askari wengi wa upande wa Mjerumani waliopigana na Waingereza pale Novemba 1914 bado walibeba Mauser za ukoo huu, zinazotumia baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linamwambia adui ulipo. Hiyo ndiyo iliyonitia hamu.

Ya kwangu ilikuwa imesimama kwenye banda la shamba, kitako ardhini, miaka sijui mingapi. Bolti, yaani chuma cha kusukuma na kuvuta kinachofunga mtutu kwa nyuma, ilikuwa imeganda kabisa. Hali kama hiyo usianze kugonga, hujui kuna nini ndani. Nilipitisha ufito wa mti mdomoni, nikauwekea alama, nikaulaza nje sambamba na mtutu: ulikuwa umefika hadi uso wa bolti. Chemba, pale risasi inapokaa, tupu. Hapo ndipo nikashusha pumzi.

Nikachanganya asetoni na mafuta ya giaboksi nusu kwa nusu, nikawa nadondoshea asubuhi na jioni. Siku ya tisa mkono wa bolti ukainuka. Moto wa gesi usithubutu kuuweka kwenye bolti wala sehemu inapofungia, utaua ugumu wa chuma. Kosa langu la kwanza lilikuwa bisibisi ya dukani: ilikula mdomo wa skrubu ya nyuma, na kovu lipo hadi leo. Noa bisibisi ijae mfereji wa skrubu sawasawa, ndipo uzungushe.

Kutu sikuiondoa kwa msasa. Niliichemsha. Nilikata mfereji wa bati wa kukingia mvua, nikauweka juu ya majiko mawili nje, nikaujaza maji yaliyotoneshwa, mtutu ukazama (umeshatoka kwenye mti wa bunduki, bila shaka). Baada ya dakika 20 kutu nyekundu inageuka nyeusi kama masizi. Unaufuta kwa sufi ya chuma namba 0000, unaurudisha majini. Mara ya tatu zikaanza kusomeka herufi za Kijerumani cha zamani ubavuni: I.G.Mod.71, yaani bunduki ya askari wa miguu, modeli ya 71. Aliyetumia msasa angezifuta. Nimeziona za namna hiyo sokoni, zinang'aa kama sufuria na hazina bei.

Mti ni walnati. Mibonyeo niliinyanyua kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, kisha mafuta ya kitani kidogo kidogo. Hapo hakuna hadithi.

Hadithi iko kwenye vipuri. Bolti ya 71 haizuiliwi na kifungo kama bunduki za baadaye. Inazuiliwa na washa nene (kisahani cha chuma chenye tundu) na skrubu yake, vilivyokaa juu ya ubavu wa bolti. Ukifungua kuisafisha, vinadondoka, vinapotea. Bila hivyo, ukivuta bolti nyuma inakubakia mkononi. Yangu ilikuwa haina vyote viwili. Muuzaji mmoja aliniapia anavyo, nikalipa, nikasubiri miezi mitatu, vikaja vya 71/84, toleo la baadaye lenye bomba la kuwekea risasi kadhaa. Haviingiliani. Pesa haikurudi.

Washa niliipata baadaye kwenye boksi la vyuma mchanganyiko. Skrubu hapana, na hesi zake (ile mizunguko ya kukazia) hazikubali skrubu yoyote ya dukani. Mwishowe mkusanyaji mmoja mzee akanitumia ya kwake kwa posta, mtu hajaniona hata sura! Nikampelekea fundi wa kukereza, akapima hesi, akachonga mbili. Ya mzee ikarudi kwake na moja mpya ya akiba. Jumla miezi 14.

Kwa hiyo kabla hujalipa, kagua washa na skrubu hiyo, kikucha cha kuvuta ganda, na namba: hata vipande vidogo vina tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki. Zikilingana, kutu isikutishe. Bolti ikiwa ya bunduki nyingine, punguza bei sana, na usifikirie kuifyatua. Hata nzima yenye namba zinazolingana haifyatuliwi mpaka fundi wa silaha aikague, na ni baruti nyeusi tu. Baruti ya kisasa itakupasukia usoni.

Yangu imekamilika isipokuwa ufito wa kusafishia. Tundu lake chini ya mtutu bado liko wazi. Mwenye wa 71 wa ziada (siyo wa 71/84, nimeshaungua) aniandikie.