Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha Michoro ya Ukutani Kanisani

SWALI: Hivi karibuni nilizuru kanisa la Santa Maria Novella mjini Florence, nikapiga picha michoro ya Domenico Ghirlandaio iliyo nyuma ya altare kuu. Kuta zilitoka za giza na za manjano, na majengo yaliyochorwa yakaonekana kama yanaanguka kwa nyuma. Flashi hairuhusiwi. Je, ni kweli kwamba inaharibu michoro? Na bila flashi nifanyeje? (Msomaji, Milano)

JIBU: Ndugu msomaji, michoro hiyo, ambayo Giovanni Tornabuoni, mwenye benki wa Florence, aliiagiza mwaka 1485 na ikakamilika mwaka 1490, kwa sehemu kubwa ilichorwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa ilipokuwa ikikauka ilifyonza hewa ya ukaa, ikageuka kuwa ngumu na kuzifunga chembe za rangi ndani yake, nazo rangi zenyewe ni udongo na madini ambayo hayapauki upesi kama wino au kitambaa. Kwa hiyo madhara ya mwako mmoja wa flashi ni madogo kuliko inavyodhaniwa. Hata hivyo naliunga mkono katazo hilo, kwanza kwa heshima ya mahali pa ibada, na pili kwa sababu flashi ndogo haina kazi pale: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ukutani hubaki robo tu, na ungeishia kumulika migongo ya watalii waliosimama mbele yako.

Giza lililokusumbua linatokana na dirisha refu la vioo vya rangi lililo katika ukuta wa nyuma. Likiingia ndani ya picha, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza kote, na kuta zikazama. Liache nje, kisha pima mwanga kwenye nyuso au mavazi yaliyochorwa. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600 au 3200, shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, isiwe ya polepole kuliko sekunde 1/60, nawe uegemee nguzo isiyo na mchoro. Chengachenga kidogo zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika kuliko picha iliyotikisika. Umanjano ni wa taa, ambazo rangi yake hailingani na ya mwanga wa dirishani. Hifadhi faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata), piga pia picha ya kadi ya kijivu, ambayo ni kipimo cha kusahihishia rangi, penye mwanga uleule, na usahihishe rangi ukifika nyumbani.

Majengo huonekana kuanguka kwa sababu kamera imeinuliwa kutazama juu. Rudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, tumia lenzi ndefu zaidi (inayovuta vya mbali karibu), na uache ukingo mpana kuzunguka mchoro, maana programu ya kuhariri picha inaponyoosha mistari hukata pembe za picha.

Lakini kwa maoni yangu usihangaike na ukuta mzima. Picha za namna hiyo zimekwisha kupigwa vizuri na wenye majukwaa na taa zao. Elekea safu ya chini ya ukuta wa kushoto, kwenye Kuzaliwa kwa Maria, ambako Ludovica, binti wa Tornabuoni, anaongoza kundi la wanawake walioingia kumtazama mtoto. Hapo kamera haihitaji kuinuliwa sana, na lenzi ndefu inaweza kukuonyesha mambo ambayo macho huyapita. Tafuta mistari myembamba panapokutana lipu ya siku moja na ya siku iliyofuata, kwa kuwa fundi alipaka lipu ya kutosha kazi ya siku moja tu. Mwanga unaopita kandokando ya ukuta huidhihirisha. Ukikuta buluu iliyobanduka, usiilaumu kamera: rangi hiyo mara nyingi ilipakwa lipu ikiwa imekwisha kukauka, hivyo haikushika sawasawa.

Kuhusu ruhusa, tangu mwaka 2014 sheria ya Italia imelegeza upigaji picha usio wa biashara katika majumba ya makumbusho ya dola, bila flashi wala stendi ya miguu mitatu, ila kila kanisa linaweza kuwa na masharti yake, na ndani ya Kikanisa cha Sistina huko Vatikano picha haziruhusiwi kabisa. Ukikusudia kuuza picha zako au kuzichapisha kitabuni, omba kibali cha maandishi kabla ya safari.